Matonge Manne Kanyaruchinya

Mama Masika wangu,

Pokea salamu za mume wako, muzee pekee wa Butembo aliyepasuliwa tumbo mara mbili ili lipunguzwe, juu ya unene, tena katikati ya vita. Ile ya kwanza niliiharibu na nyama ya mbuzi, unajua. Safari hii munganga amesema: "Papa, matonge manne madogo, basi. Ukizidisha, mushono unaachia, na mimi sikushoni tena."

Jana nilienda Kanyaruchinya kumuona mudogo wako Kavira, kwenye kambi ya wakimbizi, karibu na hii hospitali. Amekonda sana. Alipika fufu na sombe ya majani ya muhogo, chakula chao cha siku nzima, akaweka yote mbele yangu. Watoto wake sita walikaa wakiniangalia mudomo, kwa sababu kwetu mutoto hagusi sahani kabla mugeni hajashiba. Kukataa ni tusi. Kushiba kama zamani ni kaburi.

Nikala manne. Nikaomba maji ya kunawa.

"Eh, shemeji! Mutu mukubwa hivi, umeshiba tayari?"

"Nimeshiba kabisa," nikasema, na ilikuwa kweli.

Watoto wakaivamia sahani. Kavira akaita majirani: "Mukuje muone muzee mwenye huruma! Amejinyima juu ya watoto!"

Munganga alikataza mafuta, sukari na soda. Sifa hakukataza. Nikazila zote.

Kesho narudi kwao na mufuko wa unga, nishibe tena.

Mungu akulinde na hizo risasi za huko nyumbani. Mimi ni yule yule, nimepungua tu.

Paluku wako