Kachumbari Isiyoonjwa

Likasi, Kikula
Ijumaa, baada ya sala ya mchana

Dada Mwajuma, wa tumbo moja nami,

Kabla ya yote nakuuliza hali. Goti la mama linamruhusu kutembea? Na yule mwanao wa mwisho, ameshaota meno au bado anawakesheza? Huku sisi ni wazima wa mwili, moyo ndio sina. Barua hii sikuitia posta. Anakuletea mkononi dereva anayefanya kazi na mume wangu Ramazani, anakuja huko Kasongo. Isome peke yako, wala usiisome kwa sauti.

Dada, nimekaa siku nne sijui kama mimi ni mke wa mtu au mjane. Na kilichoniponza ni kachumbari. Usicheke.

Jumapili mume wangu alimkaribisha chakula mkubwa wake wa kazi, Sitwaye Kalenga. Huku kila mwanamume ni sitwaye, ndio raia kwa Kifaransa, na kila mwanamke sitwayene, ukisahau utakumbushwa. Huyu ndiye pia msimamizi wa mambo ya chama tawala pale gereji, mtu wa kuogopwa. Ramazani alitaka kumwomba ahamishiwe lori la safari fupi. Basi nikanunua samaki wa Mwadingusha, nikawachoma, nikasonga bukari, ndio ugali wa huku. Lakini mafuta, dada! Nilizunguka soko zima la Kikula, hata tone. Nyanya za sosi ninazo, cha kukaangia sina. Nikasema, mgeni hali bukari kavu nami ni binti wa mama yangu.

Nikafanya kama mama. Kitunguu nikakikata chembamba, nikakisugua kwa chumvi na kukiosha mpaka ukali ukaisha. Nyanya zilizoiva bila kulegea nikazikatakata ndogo, nikamwaga maji yake. Pilipili mbichi moja, ndimu mbili, chumvi mwisho kabisa. Nilionja jikoni, ikakubali. Lakini jikoni nani aliniona?

Nikatenga, nikawanawisha, nikarudi nyuma kwa adabu kama tulivyofundwa, kwamba mwenyeji hatii mkono kabla ya mgeni. Ramazani naye akangoja mkubwa wake aanze. Mgeni alikula sahani mbili, akaniita:

— Mama, hii tomati mubichi iko bien! Unatiyaka nini ndani?

— Ndimu tu, Sitwaye.

Jumatatu asubuhi tukasikia yuko hospitali, tumbo linamkata. Kabla ya adhuhuri wanaume wawili walikuja na gari la jeep, wakamchukua Ramazani kazini. Hakuna aliyeambiwa anapelekwa wapi. Nilibisha mlango huu na ule, na kila mlango ulinielekeza kwenye mwingine.

Jirani yangu Mama Ngoie, mwenyeji wa huku, ndiye aliyenifungua macho.

— Mama, weye ulionja mbele yake?

— Mbele ya mgeni? Kwani mimi sina adabu?

Akashika kichwa.

— Aa, mama! Huku kwetu mutu anapesha mugeni kintu, ye njo anaonja wa kwanza, bote banamuona na macho. Kama hauonje, ni kusema ulitiya kintu. Na weye ulimupa mubichi, haikupita hata ku moto! Bantu banasema bibi ya shofere alitiya sumu, na bwana yake njo alimutuma.

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi: kumbe huku anayempa mgeni chakula ndiye huonja wa kwanza. Adabu yangu mwenyewe ndiyo iliyomfunga mume wangu.

Jumatano nikaitwa ofisi ya mtaa. Nije na vitu vyangu, niipike ile tomati mbele yao. Nikawaambia haipikwi. Walivyonikazia macho, nikaufyata. Nikakatakata juu ya meza ya karani, nikajikata kidole, ndimu ikaingia kwenye kidonda. Sikuthubutu kusema hata aii. Karani alikuwa anaandika kila kitu. Nikichota chumvi, anaandika. Nilipomaliza, mkubwa wao akasema:

— Kula.

Nikala kijiko.

— Kula yote.

Bakuli zima, dada, bila bukari, watu wakinitazama koo. Kisha wakanikalisha kwenye benchi mpaka jua likashuka, wanangoja nife. Pilipili ilipoanza kuniunguza tumboni, nikajiuliza mwenyewe kama kweli sikutia kitu. Magharibi wakaniambia nenda. Nikauliza habari za mume wangu. Wakasema, "Tutaona."

Jana mchana Ramazani akaletwa. Kumbe Sitwaye alipotoka kwetu alipitia mahali akanywa lutuku, ile pombe kali ya magendo, akaona haya kusema mbele ya mkewe. Alipopata nafuu ndipo akasema. Pole hatukupewa. Mume wangu amekonda, shavu moja limevimba.

Nikampikia maharagwe laini asiumie kutafuna. Nikamnawisha, nikamtengea. Hakutia mkono. Nikadhani anaumwa. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili cha huku, yeye ambaye kwetu ndani tunasema cha nyumbani:

— Onja weye kwanza.

Nikaonja, dada. Alinitazama mpaka nikameza. Leo asubuhi chai, vilevile. Miaka tisa ya ndoa! Sijui walimwambia nini juu yangu kule ndani, na naogopa kumuuliza, kwa sababu naogopa atanijibu.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu mwenye cherehani, na shangazi anayeuza chumvi, na mjomba wetu mwalimu wa chuoni, aniombee dua bila kuuliza ya nini. Mama umbusu mikono. Habari hizi usimwambie. Akitaka kujua kama mkwewe anakipenda chakula changu, mwambie anakipenda.

Mdogo wako,
Zaituni