Kipimo cha Kulwa

Jumapili jioni, Buswelu. Mvua ilitukuta bado tuko kanisani na mpaka sasa haijakata vizuri. Imebaki ile ya kudondoka kwenye ukingo wa bati, tone, kimya, tone. Na mimi leo niko hivyo hivyo.

Kesho shule zinafunguliwa. Wiki nzima hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti humu ndani, lakini kila mmoja alikuwa akilizunguka. Mke wangu alipiga pasi mashati. Mimi nilinunua kitambaa cha sketi. Doto alikaa mlangoni na mkongojo wake, akitutazama kama watu wanaojiandaa kwa safari isiyomhusu.

Alhamisi alisema haendi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani. Tulijaliwa mapacha wa kike, na kwa sisi Wasukuma jina la pacha halitafutwi. Anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Mwaka jana, wakati wa mvua, walikuwa wanarudi kutoka shule wote wawili nyuma ya bodaboda moja. Pikipiki ikateleza kwenye mteremko. Doto alivunjika mfupa wa paja. Kulwa hakufika hospitali.

Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Nimeshajaribu.

Paja la Doto limeunga. Magongo mawili yamekuwa mkongojo mmoja, na uani anatembea hata bila huo akidhani hatumwoni. Daktari anasema mguu hauna neno, kinachomtia wasiwasi ni chakula. Mfupa unataka chakula, na huyu mtoto hali. Anamega tonge, analizungusha kwenye mchuzi, analirudisha. Tumebadilisha kila kitu. Mama yake alimtafutia mpaka michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kutoka kwa bibi yao kule Magu, akampikia na karanga kama anavyopenda. Alikula vipande viwili, akashukuru vizuri, akaomba kwenda kulala.

Ni lazima nieleze jinsi nilivyokuwa nikiwashonea, maana bila hiyo haya ya leo hayataeleweka.

Nguo zao nilizikata pamoja tangu wakiwa watoto wa kubebwa. Nakunja kitambaa kiwe mara mbili, nachora mara moja kwa chaki, mkasi unapita mara moja, zinatoka mbili. Hata mkasi wangu mzito niliununua kwa sababu hiyo. Tofauti ilikuja wakati wa kushona tu. Doto alijaa kidogo kiunoni na mashavuni, Kulwa alikuwa mwembamba, kwa hiyo ya Kulwa niliiingiza kiunoni kidogo. Watu waliwatofautisha hivyo hivyo. Kwa uso hata mimi baba yao nilikuwa nakosea.

Sasa Doto amekonda.

Jirani mmoja alileta ndizi mbivu wiki iliyopita, akamwona Doto amesimama dirishani, akaishia pale pale getini na beseni lake. Kisha akacheka kwa aibu na kusalimia mara mbili. Na juzi mke wangu, akipakua chakula, mawazo yake yako mbali, alisema, "Kulwa, sogeza sahani."

Hakuna aliyemsahihisha. Doto alisogeza sahani.

Nitaandika ukweli hapa, maana usoni kwa mtu siwezi kuusema. Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nilisikia jina likiitwa, nikaona mkono mwembamba ukisogeza sahani, na kifua changu kikafunguka. Halafu nikakumbuka.

Jana nilimpima. Nilizungusha tepu kiunoni, ikaishia pale ilipokuwa ikiishia kwa Kulwa. Sihitaji kuandika popote, vidole vinajua. Nilirudia, nikijifanya tepu imejikunja. Ikaishia pale pale. Doto alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, nje, kwenye lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba.

Kulwa alikuwa akiniibia chaki na kwenda kuchora kwenye jiwe hilo. Mara sura yangu na masharubu ambayo sina, mara mama yake amebeba ndoo kubwa kuliko yeye. Akimaliza anapanda juu kabisa, kule ambako ziwa linaonekana linang'aa kama kitambaa cha bitana, na anatutangazia kwamba meli inakuja, hata kama hakuna meli. Mvua ilikuwa ikifuta michoro yake na yeye hakujali. Alisema jiwe limeoga.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nilikwenda kulitazama. Limeoga sana.

Basi jana baada ya kupima nilikaa kwenye meza ya kukatia. Kitambaa cha bluu, chaki, mkasi. Mawazo yalikuwa kwenye kile kipimo, mikono ikafanya kazi yenyewe. Nilipoinua kitambaa vipande viliachana, na nikaona nimekata sketi mbili.

Niliketi navyo mapajani muda mrefu. Mwisho nilizishona zote mbili, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na kitambaa kilichokatwa hivyo. Moja nikaitundika. Ya pili nikaikunja na kuisukuma chini ya mashine, nyuma ya mfuko wa mabaki ya vitambaa.

Fundi yeyote angejua kuficha vizuri zaidi. Leo tuliporudi kutoka kanisani paa lilikuwa linavuja karibu na mashine, mke wangu akainama kutafuta kitambaa cha kufutia maji. Alisimama nayo mkononi.

"Baba Kulwa, hii ya pili ni ya nani?"

Watu wengi siku hizi wananiita fundi tu. Wanaogopa hilo jina lingine. Yeye hajaliacha, na mimi sitaki aliache. Lakini leo lilipotoka pamoja na swali lile, niliinama nikaanza kuokota nyuzi sakafuni.

Doto alisikia kutoka chumbani. Tulisikia mkongojo wake ukija, halafu akasimama mlangoni akaitazama ile sketi, akanitazama mimi.

"Labda ni ya baba," alisema.

Mama yake alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa kuziba mdomo na kiganja. "Marinda yatamkaa," alisema, "ila miguu yake hiyo, shuleni watamrudisha." Nikacheka na mimi. Kisha kicheko cha mke wangu kikabadilika, akaingia jikoni kuangalia samaki ambao walikuwa hawajafika motoni.

Tukabaki wawili. Nilimwambia Doto aijaribu ile iliyotundikwa, hata kama haendi, ili nione kazi yangu. Alikubali, nadhani kwa kunihurumia. Ilimkaa sawasawa. Nikapiga magoti kutazama pindo, na yeye akauliza, taratibu, juu ya kichwa changu:

"Kipimo ulichotumia ni cha nani?"

Ningeweza kumwambia ni chake. Ni kweli pia.

"Cha Kulwa," nilisema.

"Najua. Nilikuona ulivyorudia."

Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mchana kutwa. Alisema, "Nikinenepa ataondoka, baba. Sasa hivi mkinitazama mnamwona. Nimewaona mnavyonitazama."

Kumbe si kwamba hana hamu ya kula. Miezi hii yote tumehangaika na mboga na karanga, na mtoto alikuwa anatutunzia dada yake. Anamtunza mwilini mwake, kwa njaa. Na shule hataki kwa sababu hiyo hiyo: akiingia darasani peke yake watu watamwona Doto, na wakishamwona Doto watajua kwamba mwingine hayupo.

Mimi si mtu wa maneno. Nilibaki magotini na pini mdomoni. Kisha nikazitoa, nikageuza kiuno cha sketi aliyovaa, nikamwonyesha ndani.

"Weka kidole hapa," nilimwambia. "Kitambaa hiki chote nimekiacha makusudi. Ukiongezeka nafumua, naachia. Ukiongezeka tena nafumua tena. Hii ni ya kwako, imeshonwa ikusubiri."

Nikachukua ile ya pili, nikaigeuza na yenyewe. Ndani mshono umekatwa karibu, hakuna kilichobaki.

"Na hii haifumuliwi. Itabaki kipimo kile kile. Yeye tumtunze hapa, Doto. Wewe usimbebe tumboni."

Aliipokea. Aliupima upana wa kiuno kwa viganja, kama ninavyofanya mimi, halafu akaiweka begani na kunishika kichwa ili asianguke, au ili nisianguke mimi. Mvua ilikuwa inapiga bati na nilishukuru kwa kelele ile.

Mchana tulikula sato. Kichwa cha samaki kilikuwa cha Kulwa siku zote, Doto alipenda kipande cha mkiani, na vita vyao vilikuwa vya mapezi tu. Tangu msiba Doto alikuwa akichukua kichwa, na sisi tulimwacha. Tulidhani ni ukumbusho, tukaona ni vizuri. Tungeuliza. Leo alinyoosha mkono akachukua mkia. Alikula polepole, akamaliza, akaomba ugali kidogo. Kichwa alikisogeza upande wangu bila kuniangalia.

Nilikila. Nilikuwa nimesahau kina mifupa mingi kiasi gani.

Wakati wa kuosha vyombo alimuuliza mama yake kama mashati yamepigwa pasi yote au upande wa mbele tu. Mama yake akamjibu kwamba yote. Hawakuendelea. Nilikuwa uani, nikaona nisiingie.

Sketi ya Doto iko mlangoni. Ile nyingine nimeikunja, na mke wangu ameiweka sandukuni pamoja na kitenge chake cha harusi.

Najua kwamba siku nitakapofumua kiuno cha sketi hii ya mlangoni nitafurahi, na siku hiyo hiyo uso wa Kulwa utapungua mezani kwetu. Naisubiri na kuiogopa. Nadhani mtu anaweza kufanya yote mawili.

Kila muhula ulipoanza nilikuwa nikiwasindikiza wote wawili, Doto kulia kwangu, Kulwa kushoto. Walipokuwa wakubwa waliona aibu, wakawa wananiachia mikono tukikaribia geti, wenzao wasiwaone. Kesho tutaondoka mapema, kwa mwendo wa Doto. Mkono wa kulia nitampa yeye.

Wa kushoto utabeba begi lake.