Waliocheza ni Benchi Zima

Nairobi, Jumamosi

Kaka Osia,

Shikamoo. Mwili wangu mzima. Roho usiniulize kwanza. Nyie je? Mgongo wa Mama umempa nafasi ya kulala, au bado anaamka kusukuma ukuta? Na wifi, kashajifungua, au bado anakutuma udongo wa kula kila jioni na wewe unalalamika huku unaenda?

Barua hii nimeianza mara tatu. Nikikaa nasimama, nafungua dirisha, nalifunga, nazunguka chumba. Jirani wa chini amegonga dari kwa mpini wa ufagio, eti namkanyaga kichwani. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi, nimpe kondakta wa basi la Lusaka akushushie hapo Tunduma, maana haya si ya kuongea kwa simu. Na hiyo simu yako ndiyo siiamini kabisa.

Kwanza nikwambie ukweli kuhusu kazi yangu, kwa sababu najua Mama anatangaza kanisani kuwa mwanawe anaongoza kompyuta. Siongozi chochote. Tupo ukumbini, watu wengi, kila mmoja na hedifoni zake, na siku nzima tunaisahihisha mashine. Hapa umekosea, hapa sema hivi, huu ni mpunga si majani. Huko nje wanaiita akili mnemba. Kaka, akili yenyewe ni sisi, tumekaa kwenye viti vya plastiki na macho mekundu.

Sasa sikia. Walipotaka mashine ijifunze drafti ya kwetu, ile ambayo kingi anaruka kona hadi kona, wakatafuta wachezaji hodari wacheze nayo kwenye simu kwa malipo. Nikakutaja wewe. Nani Tunduma hamjui fundi pancha anayefunga madereva wa malori huku mkono mmoja umeshika tairi? Ukajisajili, ukafurahi, mimi nikajiona nimekusaidia. Nilichowaficha ofisini ni kwamba wewe ni kaka yangu, nawe nikakuficha kwamba michezo ya Kiswahili inakuja kukaguliwa mezani kwangu.

Wiki iliyopita msimamizi wetu akaniita. Ni bwana mpole, hapandishi sauti hata siku moja.

"Anyesi, huyu mtu wa Tunduma ni mmoja kweli?"

"Ni mmoja."

"Mashine inasema hachezi kama mtu mmoja. Tazama video zake, unipe jibu kabla ya Ijumaa."

Ile programu inamrekodi mchezaji usoni. Ndivyo ulivyokubali ulipojisajili, na najua hukusoma, hakuna anayesoma. Nikavaa hedifoni, nikatazama. Jamani! Wewe uko mbele, simu umeiegemeza kwenye kopo la gundi. Nyuma yako ubao wenyewe na vizibo vya soda. Mashine ikicheza, unaihamishia kwenye ubao, na benchi zima linainama.

"Usile hiyo, mtego!"

"Mtego wa nani? Kula!"

Ba Chanda naye, yule dereva Mzambia wa lori la shaba, anakusukuma bega kwa Kibemba chake, naye anataka ule: "Iwe, lya! Lya!" Halafu Bi Salma wa chai, birika mkononi, hata kukaa hakai: "Osia mwanangu, toa ile ya pembeni. Mpe mbili, wewe utakula tatu na kuingia kingi." Mnajaribu kwa vizibo. Kelele hizo! Ndipo wewe unagusa simu.

Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Kisha nikalia, kwa sababu nilisikia honi za foleni ya mpakani na nikakumbuka nyumbani. Nikaendelea kutazama video moja baada ya nyingine, na nikagundua jambo ambalo sijui kama wewe mwenyewe unalijua: mara nyingi mlipoifunga mashine, kete ya ushindi ilitoka kwenye mdomo wa Bi Salma. Wewe ulikuwa kidole tu. Usinune.

Hapo kwenu nani angeita huo udanganyifu? Ubao ukishawekwa kwenye benchi ni wa wote, na anayeona njia akanyamaza ndiye mwenye roho mbaya. Lakini sheria ya huku ni mtu mmoja, akaunti moja. Nikamweleza msimamizi yote, pamoja na undugu wetu. Hakushtuka, jina la ukoo alikuwa ameshaliona. Akanisogezea fomu.

"Njia ipo. Kaka yako asaini kwamba amecheza peke yake na michezo ni mali yake. Yeye analipwa, wewe unaongezewa mkataba. Ni karatasi tu."

"Na wale wengine?"

"Wengine wapi?"

Alisema bila ubaya wowote, na hapo ndipo nilipochemka. Nilitaka kumrushia kiti, Mungu anisamehe.

Unaelewa uzito wake, kaka. Mkataba huo ndio ungempeleka Mama Mbeya kwa daktari wa mgongo. Nililala na fomu chini ya mto siku tatu, nayo ilinichoma kama kaa la moto. Nikawa nawaza mambo ambayo ukiyasikia utasema, "Anyesi kaanza siasa." Ndiyo, nimeanza. Hayo malori yanayosubiri kibali mbele ya benchi lenu yamebeba shaba ya Kongo na Zambia, na shaba hiyo ndiyo inayoingia kwenye hizi mashine. Mwili wa mashine umeshapita mbele yenu huku dereva amelala chini ya lori akila vumbi. Sasa wamerudi kuchukua na akili. Mashine ikishaiva watawauzieni kwenye simu, kwa bando, mcheze na hila za Bi Salma bila Bi Salma. Redioni wakubwa wanasema vijana tujiandae, dunia inabadilika. Tujiandae kuwa nani? Aliyesahihisha, au aliyesahaulika?

Mashine yenyewe siichukii. Ni mwanafunzi mzuri, haichoki wala haina kiburi. Kama ingekuwa yetu, ningeifundisha bure hadi usiku.

Zaidi ya yote nilimkumbuka marehemu Baba kule Ihanda. Walipokuwa na ushirika wao walikaa pamoja wakabishana bei ya kahawa, wakati mwingine mpaka wakatukanana, lakini walikuwa pamoja. Halafu mnunuzi akaanza kupita nyumba kwa nyumba, msimu ambao mahindi yameisha ndani, akimwambia kila mtu, "Wewe peke yako nakupa bei nzuri, usiwaambie wenzako." Baba alikubali mwaka mmoja. Unakumbuka alivyokuwa akipita njia ya mtoni ili asikutane na majirani? Sikutaka upite njia hiyo.

Basi Alhamisi niliirudisha fomu bila saini. Pale kwenye mstari wa jina la mchezaji niliandika: "Waliocheza ni benchi zima. Walipeni wote." Nikapanga majina niliyoyajua, la Bi Salma la kwanza. Nikatoka hapo moja kwa moja kwa Akinyi, binti wa Kisumu anayekaa meza ya nyuma yangu, anayepitisha orodha ya wanaotaka tuwe na chama cha wafanyakazi. Wiki mbili nilikuwa namkwepa, nikimwona kwenye korido naingia chooni. Nikasaini. Akaniangalia akasema, "Nilidhani wewe una tumbo la kuhara." Tukacheka.

Jioni hiyo akaunti yako ilifungwa. Malipo ya michezo yote yamefutwa, halipwi yeyote, si wewe wala wa benchi. Ijumaa nikaambiwa mkataba wangu ukiisha mwezi huu hauongezwi. Michezo wamebaki nayo, kwa sababu mashine ikishajifunza hakuna anayejua namna ya kuisahaulisha, au hawataki kujua.

Nilitoka ofisini kifua mbele hadi kituo cha basi. Nikajiona mtu wa maana! Nilipokaa kwenye kiti cha basi ndipo nikagutuka: sikumuuliza mtu. Pengine Bi Salma angesema, "Saini mwanangu, tutagawana hapa hapa benchini, wao wanatujuaje?" Pengine Ba Chanda alishawaahidi watoto wake kitu. Mama ndiye mwenye mgongo, na sikumuuliza Mama. Mimi ninayepiga kelele kwamba watu waamue pamoja, niliamua peke yangu, mbali, ofisini, juu ya watu ambao hawakuwepo. Hilo ndilo linalonizungusha chumbani, wala si kazi. Kazi nitatafuta.

Kwa hiyo nakuomba, kaka. Usiisome hii ukaitia mfukoni. Mpandishe Mama bajaji umlete hapo kwenye benchi, uwasomee wote kwa sauti, hata pale nilipokuita kidole. Wabishane mpaka wamalize. Wakisema nilifanya vyema, nitashukuru. Wakisema nilikosea, niandikie hivyo hivyo, usinilegezee kwa kuwa mimi ni mdogo wako.

Msalimie wifi, mwambie udongo usizidi. Wanao waambie shangazi yao hajawasahau, na madaftari yao ninayo. Mjomba wa Mkwajuni, kama bado anachimba dhahabu yake isiyoonekana, mpe salamu na pole. Mama mwambie nampenda, mwambie kabla hujaanza kusoma.

Na Bi Salma, mwambie jina lake nililiandika la kwanza, kwa wino, na kwamba sikumwomba ruhusa.

Ni mimi mdogo wako,
Anyesi