Besi ya Nyuzi za Mpira

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Nimeshona suruali za shule tangu asubuhi. Mgongo umekufa ganzi. Baada ya alasiri nikafunga duka, nikatoa besi chini ya vitambaa. Mazoezi. Sina spika, kwa hiyo naegemeza kitako chake kwenye meza ya cherehani na mbao inanguruma. Gitaa fupi, halizidi mkono wangu kwa urefu. Nyuzi zake ni za mpira, nene kama kamba za viatu. Mzungu mmoja wa misaada aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Alisema imetengenezwa kwa watu wa safari. Mimi nimesafiri nayo mara moja tu, Nairobi, na Hirsi, tukarekodi kaseti ya bendi yake.

Jirani ameipiga tena leo hiyo kaseti. Juu imeandikwa: besi, Hirsi. Niliyepiga ni mimi. Hirsi alikuwa mume wangu wakati ule. Alisema jina la mwanamke litaharibu biashara. Kisha akaniacha.

Natamani achekwe. Mbele za watu.

Alhamisi, 4 Agosti

Hirsi anaoa. Msichana wa Wajir, anaitwa Sahra. Harusi ni hapa Garissa, Ijumaa ya wiki ijayo, mtaa wa pili. Hooyo, mama yangu, ndiye aliyeniletea habari. Aliona uso wangu.

"Nyamaza, Halima. Mungu anaona."

Na mimi nataka kuona.

Jumapili, 7 Agosti

Kaka zake Sahra wamefika na mbuzi. Wanazunguka sokoni wakijisifu kwamba shemeji yao ndiye yule wa kaseti. Kumbe imefika mpaka Eldas na Bute, huko kwao Wajir. Wamemwomba Hirsi awapigie wimbo ule siku ya harusi, na besi ile ile inayoteleza na kulia. Amekubali, mbele ya wazee.

Ana besi ndefu ya nyuzi za chuma. Hiyo haiwezi kuteleza hivyo. Nimecheka peke yangu mpaka sindano ikanichoma.

Jumatano, 10 Agosti

Mama yake Hirsi amekuja. Alikuwa hajakanyaga duka langu tangu talaka.

"Halima, Hirsi nataka hii gitaa. Siku moja tu, wallahi."

Hii gitaa. Hirsi alikuwa akiiita mwiko wa ugali, na wanabendi wanacheka.

Neno "hapana" lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Nikaifunga besi kwa leso, nikampa. Akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina.

Sikumwambia kuhusu poda. Bila poda vidoleni mpira unaganda kwenye ngozi, halafu unapiga yowe. Mimi hupaka ile ya watoto. Hirsi hajui. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuigusa wala kuangalia vidole vyangu nikipiga.

Kopo liko kwenye droo. Litabaki hapo hapo.

Ijumaa, 12 Agosti

Sikwenda. Nilikaa uani, sauti zote zilinifikia. Ngoma. Kinanda. Hirsi akiimba vizuri, lazima niseme kweli. Kisha besi.

Paka aliyekanyagwa. Akaanza upya. Vibaya zaidi. Kicheko kikatoka kwa mtu mmoja, wakafuata wengine, mpaka wanawake upande wao. Mwanamume mmoja akapaza sauti:

"Hirsi, wewe nabiga besi ama nakamua ngamia?"

Wimbo haukuisha.

Furaha tupu. Nimekula sahani mbili za wali.

Jumapili, 14 Agosti

Aliyeirudisha besi ni bibi harusi mwenyewe. Hina bado nyeusi mikononi. Mdogo kuliko nilivyodhani. Aliifungua leso polepole, nikaona. Ule uzi mnene zaidi haupo. Akasema Hirsi aliung'oa kwa hasira alipofika ndani. Uzi wa namna hiyo hauuzwi Garissa. Nairobi pia sidhani.

Sahra hakuondoka. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Abaayo, dada yangu, ni wewe kwenye kaseti?"

"Ni mimi."

"Na ulijua itatokea hivi?"

"Nilijua."

Akatazama mikono yake. "Nilikuwa nimekaa pale pale. Hata kaka zangu walicheka."

Kweli sikuwa nimemfikiria. Hata kidogo. Kichwani mwangu harusi ilikuwa na mtu mmoja tu.

"Wewe, nisamehe," nikamwambia. "Yeye, simwombi kitu."

Nikampa chai. Akainywa yote. Mlangoni akageuka.

"Nyumbani nitawaambia aliyepiga ni nani. Wajir nzima nitaiambia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Jumatatu, 15 Agosti

Bado namchukia Hirsi. Sasa kwa ajili ya uzi pia.

Alhamisi, 18 Agosti

Wamekwenda Wajir leo kwa wazazi wa Sahra. Nilikuwa napita stendi na mfuko wa vifungo. Hirsi ndani ya basi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Aliniona. Akatazama kwingine. Nilingoja ile furaha ya Ijumaa. Haikuja.

Sahra alikuwa dirishani. Akainua mkono. Na mimi nikainua wangu. Basi likaondoka, vumbi likafunika barabara.

Dukani nikapiga kidogo kwa nyuzi zilizobaki. Mlio wake mwepesi sasa, lakini upo. Kisha nikakumbuka shati la mwalimu, anakuja kulichukua kesho. Nikaweka besi pembeni, nikashona vifungo.