Siku Mbili Kabla ya Kliniki

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, mlima wote umezama kwenye ukungu. Nimeanika nguo ndani, nikakaa. Sina raha.

Baba Rehema, mume wangu, ana sukari mwaka wa saba. Mwezi uliopita alipata shtuko la moyo. Wala hakushika kifua. Alikuwa anapalilia mchicha hapa nyuma ya nyumba, Bigwa, akaja amelowa jasho, anahema, anasema kachoka tu. Nikajua ni gesi. Nikamchemshia tangawizi. Tulimpeleka hospitali jioni, saa zimeshapotea. Kumbe sukari ikikaa juu muda mrefu hutia mishipa ya fahamu ganzi, mtu asisikie hata maumivu.

Kule Dar, tulikopewa rufaa, walimpitishia mpira mwembamba mkononi, wakapiga picha mishipa inayolisha moyo. Daktari akanionyesha kwenye kioo. Nilitegemea sehemu moja iliyoziba. Akaonyesha huku, na huku, na kule chini. Mishipa yote mitatu mikubwa. Akasema wenye sukari wakipata shtuko la moyo, mara nyingi hukutwa mishipa imeziba kwingi na vibaya kuliko wasio nayo. Anahitaji kupasuliwa, ila kwanza sukari itulie. Akaniuliza huko nyuma ilikuwaje.

Nikasema, "Nzuri, daktari. Angalia daftari lake la kliniki."

Daftari lilikuwa zuri kweli. Nililipamba mimi.

Kliniki ikikaribia, siku mbili kabla, nilikuwa nampa mboga za majani na maji, dawa bila kukosa. Asubuhi ya kipimo namba inatoka nzuri, nesi ananisifu mbele ya foleni: "Kina mama, igeni kwa Mama Rehema!" Tukirudi nyumbani, wali, chai vijiko vitatu, dawa akikumbuka. Mama mkwe akishuka kutoka Mgeta ndiyo usiseme. "Mwanangu umemfanya sungura?" Nami naona haya, naongeza kijiko.

Miaka yote hakuna aliyembadilishia dawa. Wangeibadilisha kwa lipi, na daftari linasema mgonjwa yuko sawa?

Nilipenda zile sifa. Mungu anisamehe, nilizipenda.

Leo ilikuwa kliniki ya kwanza tangu turudi. Juzi Baba Rehema akanitania, "Vipi Mama Rehema, mfungo umeanza?" Akacheka. Nikaingia jikoni nikalia, maana kwake ule ulikuwa mchezo wetu wawili. Sikumfungisha. Amekula kama siku zote.

Namba ikatoka kubwa. Nesi akanitazama. Nikamwambia yote palepale, foleni inasikia. Nilingoja anigombeze. Akavuta kiti, akasema, "Basi mama, leo ndiyo tunaanza kumtibu." Wakamwongezea dawa, wakatoa damu ya kile kipimo kinachoonyesha miezi mitatu ya nyuma. Hicho hakidanganywi na mchicha.

Tulipofika mlangoni kwetu Baba Rehema akanishika bega.

"Usijibebeshe peke yako. Mdomo uliokuwa unakula ni wangu."

Najua amesema hivyo ili nipate usingizi. Nimeshaloweka maharage, wali nitampimia kwa kikombe, dawa nitampa mwenyewe na kumwona akimeza. Hayo nayaweza.

Lakini sukari haitulii kwa siku mbili, sasa najua. Je, moyo wake utanisubiri?