Farhan Mbaruku, Kipa wa Mwisho wa Girelė

Mwaka mzima umetimia, Farhan, tangu Ijumaa ile figo ziliposhindwa kabisa ukatutoka, ukiwa na miaka thelathini na sita. Wateja wa Kibaoni ambao hawajapata habari bado wanakuulizia dukani, na mama yako Sauda ndiye anayewajibu, sisi wengine hatuwezi.

Ulikuwa mtu wa sauti ndogo. Jioni ulifundisha makipa wa timu ya Majengo, na aliyefungwa bao la kizembe ulikwenda kusimama naye golini hadi atulie. Nguo zako ulikuwa unazifua mwenyewe, hata siku ulizokuwa hoi.

Ulipokwenda Lithuania kudakia klabu ya Girelė, mtaa mzima ulikusindikiza stendi. Miaka mitatu baadaye klabu ikafilisika, ikafutwa kwenye ligi, ukarudi na begi moja. Baba yako Mbaruku, aliyekuwa amejigamba kwa kila mteja, hakukuuliza hata swali moja. Miaka sita mlikaa duka moja mkizungumza habari za mchele na sabuni tu.

Ulipolazwa, yeye ndiye aliyekunyoa ndevu. Siku hiyo, wembe mkononi, akauliza bila kukutazama machoni, "Hivi hiyo klabu yenu ilianzaje?"

Ukamjibu, "Ilianzishwa na mafundi wa reli, baba. Girelė maana yake msitu mdogo."

"Msitu mdogo! Na sisi huku Katavi tuna msitu mkubwa namna hii, ukaufuata mdogo?"

Mlicheka mpaka nesi akaja kuchungulia.

Alasiri tatu mfululizo ulimsimulia. Jinsi enzi za Wasovieti walivyonyang'anywa jina wakapewa la kiwanda, na wazee wakaendelea kulitaja la zamani majumbani. Jinsi walivyolirudisha nchi ilipopata uhuru. Jinsi walivyopanda ligi kuu msimu mmoja tu, wakashuka, na theluji ikaangusha paa la jukwaa. Baba alikuwa akirudi nyumbani anamsimulia mama yako upya, huku akikosea majina. Siku ya tatu ulichoka ukamwambia, "Bado mwisho wake. Kesho nitakumalizia."

Kesho yake alfajiri ulikuwa umeshaondoka.

Baada ya arobaini baba alimfuata mkeo Zuhra. "Mwanangu, wewe alikwambia. Iliishaje?"

Zuhra alikwepa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Alinikataza nisikwambie yote, baba, lakini nimeshindwa. Mechi ya mwisho walibaki wachezaji tisa. Wakafungwa saba, naye akadaka penalti, na watu wa mji ule wakasimama kumpigia makofi. Hiyo ilikuwa Agosti."

"Mbona alirudi Desemba?"

"Alikuwa analala chumba cha kubadilishia nguo pale uwanjani, peke yake, mpaka theluji ikaanza. Ulimwambia kwenye simu asirudi mikono mitupu, atakuvunjia heshima."

Baba alishika fremu ya mlango. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema, baba. Ila hakukukasirikia. Alisema ulikuwa na uchungu tu."

Tangu siku hiyo hajajigamba mbele ya mtu. Siku za mechi anafunga duka mapema, anakwenda kukaa nyuma ya goli la Majengo, na akiulizwa anasimulia historia ya Girelė, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile miezi minne. Hairuki.

Ametuomba tuandike hapa, kila mtu asome: mlango wa nyumba yake ulikuwa wako, uje na kitu au uje mikono mitupu. Amechelewa kukwambia, na anakuomba radhi.

Unakumbukwa na baba yako Mbaruku, mama yako Sauda, mkeo Zuhra, binti yako Sabrina, kaka yako Abdillah, na makipa wako wote wa Majengo. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutatutoka moyoni, Farhan, siku zote tulizobakiwa nazo.