Maelezo ya Shahidi Kuhusu Betri Iliyochukuliwa Mutakura

Jina: Zubeda Kabura
Umri: miaka 52
Kazi: mshonaji wa nguo
Makazi: Mutakura, Bujumbura
Yametolewa kwa Kiswahili mbele ya afisa Espoir Ndayizeye, tarehe 12 Juni 2025.

Mimi naishi uwanja mmoja na Sylvère, anayeshtakiwa, na Valéry, aliyeleta mashtaka. Nyumba yangu iko katikati ya nyumba zao. Sina undugu na yeyote kati yao, wala sikuwahi kugombana nao kabla ya jana.

Mnamo tarehe 11 Juni, yapata saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nimemaliza swala na ninachochea moto wa chai. Nikasikia gari ya Sylvère inalia ta! kisha kimya. Ta! kisha kimya. Nikatoka. Mke wake, Bella, alikuwa amelala kiti cha nyuma, chupa ya uzazi imeshapasuka, ameuma kitenge kwa uchungu. Sylvère alikuwa kwenye usukani anazungusha ufunguo.

Nilimwuliza kwa nini asiite taksi. Alijibu: "Mama, nimepigia wote ninaowajua. Hawana esansi. Mi nilichunga hii kidogo kwa ajili ya leo."

Ni kweli. Gari hiyo imesimama pale muda mrefu kwa kukosa mafuta, na uani kila mtu alijua kwamba yale kidogo yaliyobaki ni ya kumpeleka Bella hospitali, Kamenge.

Taa za mbele ziliwaka vizuri ukutani, lakini kila alipozungusha ufunguo zilififia karibu kuzimika, na gari ikafanya ta! tu. Akasema ni betri. Alifungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe kama chumvi. Nilileta maji yangu ya chai yaliyokuwa yanachemka, tukamwagia, akasugua, akakaza tena. Ta!

Wanaume waliokuwa wanapita wakaja kusukuma. Tulisukuma mpaka getini, na mimi nilisukuma. Ndipo mmoja wao akachungulia ndani akasema: "Lakini hii ni otomatiki. Haiwaki kwa kusukuma." Maneno niliyoyatamka hapo sitaki yaandikwe.

Gari ya Valéry haina mafuta, lakini betri yake ni mpya, alituonyesha mwenyewe. Nilikwenda kugonga mlango wake. Ndani redio ilikuwa inasoma habari. Nikasema: "Valéry, tusaidie betri, Bella anazaa." Redio ikazimwa. Nikagonga tena. Nikamsikia akikohoa. Hakufungua. Anasema alikuwa amelala. Bwana afisa, redio haijizimi.

Bella alipiga kelele ambayo sijaisikia tangu uzazi wangu wa kwanza. Hapo nikamwambia Sylvère: "Toa hiyo betri ya Valéry." Alisita. Alisema: "Apana mama, ni ya mutu." Nikamjibu: "Na huyu aliye ndani ya gari, yeye si mutu?"

Gari ya Valéry haikuwa imefungwa. Sylvère alichukua betri, akaifunga kwenye gari yake, akazungusha ufunguo. Ta! Ile ile.

Alikaa chini kwenye vumbi. Niliinama kuangalia tu, kwa hasira, maana mimi najua cherehani, sijui gari. Mkono wangu ukagusa waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kufungwa kwenye mwili wa gari. Pale unapofungwa palikuwa pa moto kama pasi. Nikapiga kelele. Sylvère akaja, akaushika, ukacheza. Nati yake ilikuwa imeliwa na kutu. Tulikwangua kwa kisu changu cha jikoni, akakaza kwa nguvu zake zote. Gari ikawaka mara moja.

Kwa hiyo betri ya Valéry tuliichukua bure. Kosa halikuwa kwenye betri.

Gari ilipowaka, mlango wa Valéry ulifunguka. Alikuwa amevaa shati, suruali na viatu vilivyofungwa kamba. Alikimbia akashika geti, akapaza sauti: "Mwizi! Rudisha kitu yangu sasa hivi!" Sylvère alimwambia kutoka dirishani: "Nitairudisha leo, nakuapia. Niache nipite." Mimi nilimletea Valéry betri ya Sylvère aishike kama rehani. Hakuitazama. Kuzima gari ili tumrudishie yake tuliogopa. Bella hakuwa anapiga kelele tena, na hilo ndilo lililonitisha. Wale wanaume walimwondoa Valéry, mimi nikafungua geti.

Mtoto alizaliwa ndani ya gari kabla ya kufika Kamenge. Hakulia. Hospitali walimpokea wakamwekea oksijeni, Sylvère hata hakupewa kumshika. Kabla ya adhuhuri alirudi kwa miguu, shati lina damu, amekumbatia betri ya Valéry kwa mikono miwili. Alikuwa anaelekea mlangoni kwa Valéry kuirudisha. Polisi walimkamatia hapo.

Umeniuliza kama alikuwa na ruhusa. Hakuwa nayo. Tulikwenda kuiomba, na mwenye kuitoa alikuwa nyuma ya mlango anatusikiliza.

Nimetoka hospitali asubuhi hii. Bella yuko hai, amepoteza damu nyingi, anamwulizia mume wake. Mtoto ni wa kiume. Ametolewa oksijeni na ameanza kunyonya. Baba yake yuko hapa mahabusu, ng'ambo ya ukuta huu, na hajui lolote. Naomba aambiwe.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nikiitwa mbele ya jaji nitayasema hivi hivi.

Sahihi ya shahidi: Z. Kabura

Maoni ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Alikataa kutia sahihi mpaka neno "aliiba", nililokuwa nimeandika mimi, lilipobadilishwa kuwa "alichukua". Limebadilishwa. Mtuhumiwa amearifiwa kuhusu mtoto.

E. Ndayizeye